Aya Isiyomo Zaburini

Luvenia Satterwhite alikuwa amewahi kupiga gitaa mbele ya wanaume walevi wenye visu mifukoni, na mikono yake haikutetemeka hata siku moja. Lakini Jumapili ile, ndani ya Ford iliyosimama mbele ya nyumba ya wazazi wa mpenzi wake, viganja vilikuwa vimelowa jasho mpaka glavu nyeupe zikashika madoa.

"Geuza gari, Lucius. Tuseme nimeumwa tumbo."

"Mama ameshachungulia dirishani. Amekuona."

"Ameona kofia tu. Kofia yoyote inaweza kuwa ndani ya gari."

Lucius Umstead alicheka, lakini kile kicheko hakikufika machoni. Alikuwa mwanaume mrefu, mpole, dereva wa lori la tumbaku, na alikuwa na macho ambayo Luvenia akiyatazama sana alisahau alichokuwa anataka kusema. Ndiyo maana saa ile alikuwa anatazama dashibodi.

"Sema tena aya yako," Lucius alimwambia.

"Ile ya macho na milima."

"Usiniambie ni ile ya nini. Iseme."

Akaisema yote bila kukosea. Lucius akashusha pumzi. Shemasi Isom Umstead, baba yake, hakuruhusu mtu aguse kijiko mezani kwake kabla ya kutoa aya ya Biblia kwa kichwa, awe mgeni, mtoto, au mchungaji mwenyewe. Na ile fupi ya Yesu kulia, ambayo kila mtoto wa wilaya ile ya Granville huikimbilia akiwa na njaa, aliipiga marufuku zamani.

"Ukishamaliza aya, umemaliza mtihani," Lucius alisema. "Baba akiridhika, naomba ruhusa yake leo leo. Nakuapia, Venie."

"Na gitaa?"

"Gitaa tutalisema baadaye."

"Baadaye ipi? Ulisema baada ya Pasaka. Ukasema baada ya mavuno. Lucius, Jumanne mimi napanda treni kwenda New York."

"Najua."

"Nilikwambia nataka nipande wazazi wako wakijua naolewa na nani, na wewe ukijua unaoa nani. Kama leo husemi, napanda hivyo hivyo. Lakini usiningoje stesheni nikirudi."

Alilisema kwa ukali, na papo hapo akatamani kulirudisha mdomoni, maana alimpenda yule mwanaume mpaka inauma. Mapenzi ndivyo yalivyo, yanakufanya utishie kukiacha kitu ambacho ukikikosa hulali.

Wazazi wa Lucius waliambiwa mambo mawili kuhusu Luvenia: anafanya kazi kiwanda cha tumbaku pale mjini Oxford, na alilelewa na bibi yake aliyemcha Mungu. Yote kweli tupu. Hawakuambiwa kwamba kaka yake alipokwenda Kaskazini aliacha gitaa kitandani, na binti wa miaka kumi na miwili akalichukua na hakuliweka chini tena. Hawakuambiwa habari za ngoma za Jumamosi, wala za misimu ya mnada alipokuwa akikaa kwenye kreti ndani ya ghala la mnada na kuwaimbia wakulima waliokuja kuuza tumbaku. Na santuri ndiyo kabisa. Santuri moja aliyoirekodi ilikuwa imeuzwa mpaka mji wa Durham na mbele zaidi, na sasa wazungu wa kampuni ya santuri walimtaka aende New York akarekodi nyingine. Kwenye karatasi ya katikati ya santuri hiyo waliandika Venie Satterwhite. Shemasi Umstead aliwahi kuliombea kanisa zima la Mlima Nebo liepushwe na mwanamke huyo wa ghalani na gitaa lake, lile sanduku la shetani, na hakuwa amemwona sura.

"Twende," alisema Lucius. "Baba hapendi mkate upoe."

Mama Umstead ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, gauni la rangi ya zambarau, nywele nyeupe zimebanwa nyuma. Akamshika Luvenia mikono yote miwili.

"Karibu, mwanangu. Vua glavu, hapa ni nyumbani."

Luvenia akavua. Yule mama akazishika tena zile ncha za vidole vya mkono wa kushoto, akazipapasa taratibu kama anayechagua kitambaa.

"Vidole vyako vigumu."

Luvenia akajaribu kuurudisha mkono. "Ni kazi ya kiwandani, Mama."

"Mkono wa kushoto peke yake?"

Lucius akakohoa. "Mama, harufu ya kuku inaniua huku."

"Wewe unakufa tangu uzaliwe, na bado upo," alisema mama yake, akawaongoza ndani. Luvenia alimwangalia mgongo asijue kama ameshagunduliwa au bado.

Shemasi alikuwa tayari kichwani mwa meza, na suti nyeusi, miwani puani. Mbele yake kulikuwa na kuku wa kukaanga, sukuma wiki iliyochemshwa na mfupa wa nguruwe, kunde, mkate wa mahindi ukitoa mvuke. Kiti kimoja upande wa dirisha kilikuwa kitupu na hakikuwekewa sahani. Lucius alishamweleza: kilikuwa cha Mozelle, mdogo wake, aliyefariki kwa homa msimu wa mnada uliopita. Kukiondoa hakuna aliyethubutu.

"Kwa hiyo wewe ndiye Luvenia," alisema Shemasi. "Mwanangu anasema una sauti nzuri."

"Ninaimbaimba tu, Shemasi. Nikiwa nafua."

"Kanisani kwenu upo kwaya?"

"Zamu za kiwanda zinanibana."

"Hm." Ilikuwa hm ndefu. "Haya. Tuanze."

Akatoa aya yake mwenyewe, kutoka Isaya, ndefu, bila kujikwaa hata mara moja. Mama Umstead akatoa ya Mithali. Kisha miwani ya Shemasi ikageukia upande wa mgeni, na Lucius, aliyekaa ng'ambo ya meza, akamtikisia kichwa kidogo.

Aya ikamtoka. Nasema ikatoka yote kichwani, milima na macho na kila kitu! Luvenia alifungua mdomo akakuta hamna. Aliona sahani. Aliona kile kiti kitupu. Alisikia kisu cha Mama Umstead kikipaka mkate wa mahindi siagi, kisha kikasimama kusubiri. Akajikaza kisabuni, akatafuta neno lolote, na mdomo ukampa lile ulilolizoea kuliko yote.

"Mto umejaa," alisema, "nami sina wa kunivusha."

Mwenyewe hakuona kosa. Lile neno alilisikia kwa bibi yake tangu utoto, na bibi yule alikuwa na maneno ya aina mbili tu, ya Biblia na ya matusi. Hili halikuwa tusi.

Shemasi akainamisha kichwa kidogo. "Kitabu gani?"

"Zaburi, Shemasi."

"Ya ngapi?"

"Namba... imenitoka."

Shemasi Umstead alikuwa ameisoma Biblia jalada hadi jalada mara nyingi kuliko wachungaji watatu waliopita Mlima Nebo, na alilijua hilo, na alipenda wengine walijue. Akakunja uso. Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa anatafuta.

"Rudia. Nisikie vizuri."

Lucius alifumba macho. Luvenia akarudia. "Mto umejaa, nami sina wa kunivusha."

Safari hii sauti ilishuka mwishoni, yenyewe, bila kuombwa ruhusa. Ndipo alipogundua alichofanya. Bluzi, muziki ule wa majonzi alioupiga ghalani, ina mwendo wake, na watu wa Granville wanaujua waupende wasiupende. Mstari unasemwa, unarudiwa, kisha unajibiwa. Ukishaurudia ukaacha hapo, jibu linamkaa kila mtu kooni, linamwasha. Luvenia aliuma ulimi ili jibu lisimtoke.

Likatoka kwa mwingine.

"Nimeita kila jina nilijualo," alisema Mama Umstead polepole, akiangalia siagi, "yaliyonijibu ni maji."

Mungu wangu! Yule mama alipoyasikia maneno yake mwenyewe alishtuka, kisu kikamponyoka, kikalia kwenye sahani. Shemasi akavua miwani.

"Ardelia."

"Isom, mimi..."

"Hiyo si Zaburi."

"Si Zaburi," alikiri mkewe kwa sauti ndogo.

"Hiyo umeijuaje?"

Luvenia aliuona uso wa yule mama ukibadilika rangi, na hakuvumilia. Akasimama. "Ni mimi, Shemasi. Nimemfundisha mimi, sasa hivi, pale mlangoni. Ni wimbo wangu. Mimi ndiye Venie Satterwhite."

"Wa ghalani?"

"Wa ghalani."

Shemasi akamtazama mwanawe. "Ulijua?"

Lucius akashika kitambaa chake cha mezani. "Nilikuwa... nilitaka kukwambia, Baba. Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Umemleta mezani kwangu siku ya Bwana kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa?"

"Hapana, Baba."

"Mwanamke wa ghalani hawezi kuwa mkwe wangu. Sisemi kwa hasira. Nasema kama ninavyosema leo ni Jumapili."

Luvenia alimtazama Lucius tu. Sema neno moja, alimwomba moyoni, neno moja hata la kipumbavu, nami nitashukuru. Lucius alikuwa anakunja kitambaa cha mezani, anakikunjua, anakikunja.

Aliyesema ni mama yake.

"Kaa, mwanangu. Na usidanganye kwa ajili yangu, uongo wa leo umetosha. Hukunifundisha mlangoni. Nilikujua uliposhuka garini." Akamgeukia mumewe. "Nilikwenda mjini kununua unga, Isom. Wiki ile baada ya kumzika Mozelle. Nikapita ghalani nikamsikia huyu binti anaimba. Nikasimama. Nililia mpaka mnada ukaisha, nikarudi nyumbani bila unga, nikakwambia duka limefungwa."

"Ulilia?"

"Nililia."

"Kule, mbele ya wakulima na wanunuzi?" Sauti ya Shemasi ilikuwa imeanza kukwaruza. "Hapa hukulia hata siku moja. Nilikuwa nakuangalia. Nilimshukuru Mungu kwa imani yako. Kwa nini ukalie kule?"

"Kwa sababu hapa uliniambia nisilie."

Shemasi akaiweka miwani mezani. Kisha akainuka, akasukuma kiti chake taratibu, akatoka nje barazani akiwa hajagusa chakula. Mlango wa wavu ukajibamiza nyuma yake.

Mama Umstead alijifunika uso na aproni. Luvenia alimzunguka mezani, akamshika mabega, akakaa naye hivyo mpaka pumzi za yule mama zilipotulia. Ndipo akamgeukia Lucius.

"Lucius. Sema kitu."

"Tumsubiri Baba apoe kwanza."

"Halafu?"

"Halafu nitaongea naye. Labda wiki ijayo, ukishakwenda, mambo yakitulia..."

"Wiki ijayo!"

"Venie, umemwona alivyo. Nifanyeje? Ni baba yangu."

Luvenia alimtazama mwanaume yule, akaona kitu ambacho hakukitaka. Miezi yote hii alikuwa anamwogopa Shemasi. Alimwota Shemasi, alifanya mazoezi ya kumjibu Shemasi mbele ya kioo. Na sasa Shemasi alishasema neno lake baya kabisa na yeye Luvenia alikuwa bado amesimama kwa miguu yake. Aliyekuwa anamvunja ni huyu, mwenye macho mazuri, anayekunja kitambaa.

"Asante kwa chakula, Mama," alisema. Akachukua kofia, glavu na mkoba.

"Hujala, mwanangu."

"Nitakula siku nyingine."

Alitoka akiwa anauma midomo ili asilie. Barazani akakwama. Shemasi alikuwa amekaa kwenye ngazi, na suti yake nzuri mavumbini, ameziba njia yote. Ng'ambo ya barabara watu waliotoka kanisani walikuwa wanapita wakimpungia mkono, naye hakuwapungia.

"Samahani, Shemasi. Naomba nipite."

Hakusogea. "Alisimama wapi?"

"Nani?"

"Mke wangu. Siku hiyo ghalani."

Luvenia akafikiri. Angeweza kusema hakumbuki. Lakini sasa alimkumbuka, maana anayeimba humwona anayelia kabla ya wote. "Nyuma kabisa, karibu na mizani. Alivaa kofia ya kijivu."

"Ya mazishi."

"Nilimwona anageukageuka kutazama mlangoni. Nikadhani kuna mtu anamsubiri."

Shemasi aliongea akiitazama mikono yake. "Siku hiyo nilikuwa hapo mjini. Nilikuwa nauza marobota yangu ya tumbaku ghala la pili. Alijua nipo." Akajifuta uso kwa kiganja, kwa nguvu, kama anayeondoa utando wa buibui. "Alikuwa ananisubiri mimi."

Luvenia akakaa naye kwenye ngazi, chini yake kidogo, gauni lake la kuazima likiingia vumbi pia.

"Bluzi siipendi," alisema Shemasi baadaye. "Nakwambia mapema. Na sitaipenda."

"Sawa, Shemasi."

"Ila hilo la maji kujibu. Ulilitunga wewe?"

"Mimi. Bibi yangu alipokufa. La mto ni lake, jibu ni langu."

"Hm," alisema Shemasi. Ilikuwa fupi kuliko ile ya kwanza.

Mlango wa wavu ukafunguka. Lucius alitoka mbio, karibu ajikwae kwenye zulia. "Baba, nakuomba, usimfukuze, nipe nafasi nikueleze..."

"Nani kamfukuza mtu?" Shemasi aliinuka kwa kujishikilia nguzo, magoti yakalia. Akamtazama mwanawe kutoka juu mpaka chini. "Mimi nimesema nilichosema mezani, na sasa nakifuta. Kama ulikuwa humwoi huyu binti kwa sababu yangu, tafuta sababu nyingine."

Akaingia ndani. Wakamsikia akiita "Ardelia" kwa sauti ambayo Lucius hakuwahi kuisikia, na mlango wa chumba ukafungwa.

Lucius akabaki katikati ya baraza, mikono inaning'inia. Hakukuwa na baba wa kumsubiri apoe. Hakukuwa na Pasaka, wala mavuno, wala wiki ijayo. Luvenia alisimama ngazi ya chini, kofia mkononi. Akaapa kutomsaidia hata kwa neno moja.

"Venie," alisema Lucius.

Akangoja.

"Naogopa."

"Baba yako amekubali, Lucius. Unaogopa nini tena?"

"Si Baba. Haijawahi kuwa Baba." Alishika ile nguzo aliyoishika baba yake. "Nilikusikia ghalani siku ya kwanza nikasema, huyu hawezi kuwa wangu. Watu kama huyu wanaondoka. Nikasema nikikuficha, nikichelewesha, labda utabaki Granville. Naogopa ukipanda ile treni hutarudi. Na ukirudi, utaniona mimi ni dereva tu wa lori la tumbaku, utajiuliza nilikuwa nataka nini kwa huyu."

Machozi yakamtoka Luvenia, ya hasira na mapenzi kwa pamoja, akashindwa kuyatenganisha. "Mwaka mzima, Lucius! Mwaka mzima unanifanya niote baba wa watu usiku, kumbe ni hilo? Si ungesema!"

"Ningesemaje? Mwanaume anasemaje neno kama hilo?"

"Kama ulivyolisema sasa hivi, mpumbavu wewe."

Akapanda ngazi mbili, mpaka uso wake ukawa karibu na kifua cha shati la Lucius.

"Na mimi je?" alimwambia. "Unadhani mimi siogopi? Nikifika kule, wasiponitaka? Wakinitaka, sauti ikanikauka mbele ya mashine zao? Nikirudi nikukute na msichana wa kwaya? Silali, Lucius. Tangu walipotuma tiketi sijalala."

"Hujawahi kuniambia."

"Hukuniuliza."

Lucius akamshika mikono, mikono isiyo na glavu, akapapasa zile ncha ngumu za vidole. "Nimeomba likizo kwa bosi," alisema kwa sauti ya chini. "Wiki iliyopita. Akanipa. Nikaogopa hata kukwambia."

"Likizo ya kwenda wapi?"

Lucius akatazama upande wa stesheni ya treni. Luvenia akacheka huku analia, akajifuta pua kwa glavu iliyokwisha chafuka, akamvuta kola ya shati mpaka paji la uso wake likagusana na lake, mchana kweupe, mbele ya kanisa zima la Mlima Nebo lililokuwa linapita barabarani.

"Basi panda," alimwambia. "Tukaogope wote."